Mkopo Si Stahili

Mama anayechuma chai, mwenye mtoto asiyeweza kutembea, akiuliza serikali imemwekea nini, atatajiwa asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa watu wenye ulemavu. Lakini hiyo ni mikopo, hurejeshwa! TASAF nayo huzitafuta kaya maskini kabisa, na yeye ana ujira, hata ukiwa kiduchu. Basi kufanya kazi kumekuwa kosa lake. Nani abaki na mtoto akiwa shambani? Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iliagiza kamati mpaka vijijini. Enyi watumishi wa umma mnaonisoma, ya kijijini kwenu ilikutana lini mara ya mwisho?