Lango la Voi na lango la fomu
Kila anayeingia Tsavo Mashariki kupitia lango la Voi hukaguliwa kwanza, hata awe na haraka vipi. Nawasihi vijana wa Taita Taveta wanaojifunza kutengeneza tovuti kwa PHP waweke lango la namna hiyo mbele ya kila fomu. Ukaguzi wa kivinjari humsaidia mjazaji tu. Mwenye nia mbaya huukwepa, hivyo seva lazima ikague upya. Hata faili inayopakiwa kwenye fomu kwa jina cheti.jpg yaweza kuwa programu iliyovaa ngozi ya picha: chunguza yaliyomo kwa finfo, zana ya PHP inayotambua aina ya faili, pima ukubwa, ipe jina jipya, kisha ihifadhi nje ya folda iliyo wazi kwa umma. Lakini mlinzi mwema hamfukuzi mgeni halali. Fomu inayokataa ritifaa katika jina Ng'ang'a, au nambari ya simu inayoanza na 01, inamfungia nje mwanafunzi wa Wundanyi au Taveta anayeomba basari. Kukagua fomu pia ni kulinda taarifa za wanaozijaza, na tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data. Taarifa za watu ni amana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa fomu isiyokaguliwa huzibwa kwa mistari michache ya msimbo.