Mwezi haujui upepo, na simu haijui mwamba

Haya wadau wa Kwale, leo tuongee ukweli. Kuna huu ubishi wa kila siku kati ya vijana na wazee: mvuvi afuate mwezi ama afuate simu? Vijana wanasema wazee wamepitwa na wakati. Wazee wanasema hao vijana watakufa maji na simu zao mfukoni. Mimi naona kila upande umeshika nusu ya ukweli, na baharini nusu ya ukweli inaua.

Tuanze na mwezi, kwa sababu ndio unaopanga maji. Ukiandama, na ukiwa mpevu, tunapata bamvua: maji yanajaa sana na yanapwa sana. Huku kwetu tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali. Na hesabu yake ni moja: kila siku maji yanachelewa kama dakika 50. Siku za bamvua yanapwa kwenye saa nne asubuhi. Wiki moja baadaye, maji mafu, ni kwenye saa kumi hivi.

Sasa mwangalie mvuvi wa pweza anayetembea mwambani kwa miguu, Diani mpaka Msambweni. Bamvua ndiyo mshahara wake. Maji mafu yakiingia, mwamba haufunuki vizuri, atafute kazi nyingine. Mtu wa dagaa naye anataka giza, kwa sababu anavua kwa taa na dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikitanda, taa yake haina kazi. Kwa hivyo ukimkuta mwezi mpevu ameanika nyavu na amekaa kivulini, usimwite mvivu. Anajua anachofanya kuliko wewe.

Hiyo si imani ya kizamani. Ni sayansi, ila majina yake ni ya Kiswahili.

Lakini wazee wangu, shikamooni, na mniwie radhi: mwezi haujui upepo. Ni kweli mnajua misimu. Kusi likishika, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, nje ya mwamba kunachafuka. Kaskazi likija, kuanzia Novemba, mtu anapumua. Ila msimu nao hausemi kesho kutakuwaje. Kumbukeni Mei 2024, kimbunga Hidaya. Robo ya mwisho ya mwezi ilikuwa Mei 1, mwezi mpya Mei 8. Kimbunga kilifika Mafia, huko Tanzania, Mei 4, katikati hapo. Aliyehesabu mwezi peke yake hakuwa na la kumwonya. Onyo lilitoka kwa watu wa hali ya hewa, na serikali ikasimamisha shughuli za baharini.

Vijana nao msishangilie. Simu itakupa upepo na mawimbi ya bahari pana. Haitakwambia ni mlango gani wa mwamba unaovunja mawimbi vibaya kusi likivuma na maji yakipwa. Hilo analijua mzee aliyepita pale miaka arobaini.

Na kuna jambo hatulisemi. Wengi wanaotoka siku mbaya hawatoki kwa ujinga. Wanatoka kwa njaa. Kusi likikaza, mwenye mtumbwi anabanwa ndani ya mwamba na wenzake wote wanagombania samaki wale wale. Karo inadaiwa, dukani kuna deni. Hapo hata utabiri mzuri namna gani, mtu atajaribu.

Kwa hivyo rai yangu ni hii. Kila BMU iweke ubao pale samaki wanaposhushwa. Kila asubuhi uandikwe: mwezi ngapi leo, maji yanapwa saa ngapi, upepo na mawimbi vipi. Kijana alete ya simu, mzee alete ya mwamba. Haigharimu chochote zaidi ya chaki. Na kaunti ikitaka kusaidia wavuvi, ifikirie miezi ya kusi: chombo kinachostahimili nje, ama kipato kingine cha kumwezesha mtu kubaki nyumbani.

Na sisi wa kamera, tumepiga picha za machweo ya Diani mpaka basi. Hebu tuwarekodi hawa wazee wakiwa bado wapo. Gazi, Shimoni, Vanga: kwenu ubao huo upo? Na nani anauandika?