Hawala, Hundi na Bili ya Umeme

Mtu wa pwani akisafiri kwenda kuishi Uingereza hujitayarisha kwa baridi. Hununua koti zito, hutia bizari na pilipili kavu sandukuni, na mama humsomea dua mlangoni. Hakuna amwambiaye ajitayarishe kwa benki. Baridi huzoeleka, benki, kwa niliyoyaona mwenyewe nilipoishi London, ina mambo yake.

Nilikwenda kufungua akaunti ili mshahara wangu upate pa kuingia. Nikatoa pasipoti na kibali cha kukaa nchini. Karani, binti mwenye adabu zake, akataka karatasi ya kuthibitisha anwani: bili ya umeme au ya maji, au barua ya kodi ya baraza la mji, yenye jina langu. Nami nilikuwa nimepanga chumba kwa mwenzetu mmoja, na bili zote zina jina lake. Nikaenda kutafuta nyumba yenye mkataba rasmi. Wakala akanitaka nimletee kwanza taarifa ya benki ya miezi mitatu. Benki yataka nyumba, nyumba yataka benki, na mwajiri halipi pesa mkononi. Nikarudi kwa yule binti, nikamwambia, "Mwenye nyumba yuko hapo nje. Nimwite aje ashuhudie?" Akatabasamu kama mtu anavyomtabasamia mzee aliyepotea njia.

Msomaji asidhani kuwa nagombana na maandishi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandikiana deni, nasi tuliihifadhi chuoni kabla hatujajua deni ni nini. Lakini aya hiyo yataka mwandishi na yataka mashahidi pia. Benki za leo zimeshika karatasi, zikamwacha shahidi nje ya mlango. (Habari ya riba siigusi leo, hiyo yataka ukurasa wake.)

Wazee wetu walikuwa na shughuli za fedha za ng'ambo zamani, na lugha yenyewe yashuhudia: hawala tumeipata kwa Waarabu, hundi kwa Wahindi. Katika karne ya 19 mfanyabiashara wa Unguja aliweza kulipa deni Bombay kwa kipande cha karatasi, kwa sababu aliyekiandika alijulikana huku na aliyekipokea alijulikana kule. Karatasi ilimfuata mtu.

Desturi hiyo haikufa. Mpaka leo yuko mtu aliyeko London ampelekeaye mama yake Mombasa pesa za dawa kupitia wakala amjuaye yeye na amjuaye mama. Na hapo ndipo wengi walipokutwa na balaa. Mwaka 2013 benki ya Barclays ilitangaza kuzifunga akaunti za makampuni mengi ya kupeleka fedha, ikihofia fedha haramu. Dahabshiil, kampuni kubwa ya Wasomali, ilikwenda mahakamani London ikapata amri ya kuzuia, na mwaka 2014 pande mbili zikapatana. Kwetu nako, baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa mwezi wa Aprili 2015, makampuni 13 ya namna hiyo yalisimamishiwa leseni, wasizipate tena mpaka Juni.

Sipingi ulinzi, damu ya wale vijana ni yetu. Lakini mlango ukifungwa hivyo kwa kishindo, wa kwanza kubaki nje ni ajuza angojaye pesa za dawa. Mwenye fedha za uovu hakosi dirisha.

Wako watakaoniambia kuwa siku hizi kuna simu. Ni kweli, M-Pesa tunayo tangu 2007, na fedha za ng'ambo zaingia humo. Lakini simu hiyo hiyo ndiyo iliyonifungia akaunti yangu ya Kenya. Benki ya huku hunipelekea nambari ya siri katika laini ya Kenya, na laini ilikuwa imekwisha zimwa kwa kutotumika. Nilipopiga kuuliza, nikaambiwa nifike tawini mwenyewe na kitambulisho changu. Nikauliza nauli ya ndege atalipa nani. Simu ikakatika.

Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walileta nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9, nyingi kuliko tuzipatazo kwa kuuza chai. Ubalozi una maafisa na una mihuri. Benki zetu zingeshindwa nini kuukubali muhuri huo badala ya safari ya ndege? Waingereza nao, tangu 2016, wamezilazimisha benki zao tisa kubwa kutoa akaunti ya msingi kwa wasio na kitu, ila anwani bado huulizwa.

Yangu ilikwisha hivi. Mwenzetu mwenye nyumba alikubali jina langu litiwe katika bili ya umeme. Bili ilipokuja nikaipeleka, na akaunti ikafunguliwa kwa muda wa robo saa. Karani hakuniuliza kama kweli nakaa hapo, na wiki iliyotangulia nilikuwa nimekwisha hama.