Mganga Si Mchawi

Mara kwa mara tunawasikia wahubiri hapa Kampala wakimwita kila mganga mchawi, na vibanda vya mizimu huchomwa moto kwa shangwe. Sisi tufundishao Kiswahili hatuwezi kulinyamazia jambo hili. Mganga huagua, mchawi huroga. Waganda nao wana omusawo (neno ambalo leo humhusu hata daktari wa Mulago) na omulogo, wala hawayachanganyi. Hata Sheria ya Uchawi ya mwaka 1957, iliyotungwa chini ya Waingereza, ilisema wazi kwamba ibada ya mizimu ifanywayo kwa nia njema, na uuzaji wa dawa za kienyeji, si uchawi. Mkoloni aliweza kupambanua. Mhubiri wetu, aliyezaliwa papa hapa, inakuwaje ashindwe?

Lakini waganga nao wasijifanye wameonewa tu. Wanapodai kuwa Ukristo ni dini ya wageni, wanawasahau vijana waliochomwa Namugongo mwaka 1886, ambao hawakulazimishwa na Mzungu yeyote. Na wale wapigao ramli wakamtaja jirani wa mgonjwa kuwa ndiye aliyemroga, hao ndio waliompa mhubiri neno lake.