Mkusanyaji wa Sarafu na Atangulize Elimu

Wako ndugu zetu ambao wakipata senti kuukuu hawaitupi wala kuitumia, bali huiweka. Katika hao, wengi sasa wanatafuta sarafu za kasoro, yaani zilizotoka kiwandani na dosari, wakiambiwa kwamba zina bei kubwa. Sina ugomvi nao, kwani sarafu ni historia iliyo mkononi. Nionalo mimi ni kwamba wengi huanza na fedha, na elimu huja nyuma, na hapo ndipo walaghai hupata riziki yao.

Kasoro ya kweli hutokea sarafu inapopigwa. Mwaka 2008 kiwanda cha Uingereza kilihamisha tarehe ya peni 20 kutoka upande mmoja hadi wa pili. Muhuri wa zamani ukaoanishwa na mpya, zikatoka sarafu zisizo na mwaka wowote. Hiyo ni kasoro. Lakini shilingi iliyopondwa na gari, au kutobolewa na fundi, imeharibika tu. Haizidi thamani yake hata senti moja.

Tena kuna tofauti zisizo kasoro kabisa. Senti zetu za zamani za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati. Zilipigwa hivyo kwa makusudi. Vilevile herufi ndogo H, KN na SA huonyesha mahali sarafu ilikopigwa: H na KN ni viwanda vya Birmingham, na SA ni Pretoria. Kuna senti tano na kumi za 1936 zenye jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyeacha kiti mwaka huohuo. Hata shilingi za Kenya za 1966 hazina maandishi kuizunguka picha ya Mzee Kenyatta. Maandishi yalikuja mwaka 1969. Asiyejua haya atauziwa sarafu ya kawaida kwa bei ya ajabu, au atauza ya maana kwa bei ya sukari.

Je, elimu hiyo itapatikana wapi? Vyombo vyake si ghali: kioo cha kukuzia, mizani ndogo ya kupimia gramu, na orodha ya sarafu inayotaja uzito, madini na miaka. Sarafu isiyolingana na orodha itiliwe shaka kwanza, isishangiliwe. Kisha mtu na alinganishe sarafu mbili za mwaka mmoja, aandike alichokiona. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Shida ni kwamba orodha nilizoziona mimi zote ni za Kiingereza, na nyingine bei yake humshinda mwanafunzi. Kitabu cha Kiswahili juu ya jambo hili bado sijakutana nacho. Kwa hiyo nawaomba wachapishaji, walimu na wakusanyaji wenye ujuzi watutungie kijitabu chepesi, chenye picha, kuhusu sarafu za nchi zetu. Maktaba nazo ziweke nakala.

Hadi siku hiyo, kijana, ukiambiwa senti yako ni mali ya mamilioni mradi utangulize ada kidogo, funga mfuko wako. Mnunuzi wa kweli hukulipa wewe.