Risiva mbovu: itengenezwe au iuzwe vipuri?

Wafanyabiashara wa vitu vilivyotumika katika wilaya za Ngara na Biharamulo wanaijua bidhaa hii: risiva ya stereo ya miaka ya sabini, uso wa alumini, vifundo vizito, ubavu wa mbao, na haitoi sauti. Mwenye nayo anaomba bei ya kitu kizima kwa sababu amesikia Wazungu wanazitafuta. Mnunuzi anaiinua, anaona uzito wake, anashawishika. Hapo ndipo mtaji wa magunia kadhaa ya maharage unapolala.

Si ajabu vyombo hivyo kuonekana Ngara. Watu takribani 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa siku moja hivi mwishoni mwa Aprili 1994, mashirika ya nchi nyingi yalifuata, na wageni hawaji mikono mitupu.

Habari ya Wazungu nayo si uongo. Pioneer SX-1980, iliyotoka 1978 ikiwa na wati 270 kila upande, huuzwa kwa maelfu ya dola Marekani ikiwa nzima. Lakini risiva nyingi za wakati ule zilikuwa za wati chache tu, na mnunuzi wa maelfu ya dola hayupo Kabanga wala Nyakanazi. Soko la kweli ni mwenye baa, mwenye ukumbi, au mzee mwenye santuri zake. Hao hulinganisha bei na sabufa mpya ya Kichina, yenye rimoti na tundu la flashi.

Kwa hiyo uamuzi uanzie kwenye transfoma, si kwenye uzuri wa uso. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Wa Japani ni 100, wa Marekani 120. Risiva ya huko ikichomekwa moja kwa moja ukutani huweza kuunguza transfoma, na transfoma ya aina ile haipatikani dukani. Husukwa upya, na msukaji mzuri ni wa kutafuta. Swichi ya kuchagua volti nyuma ya chombo ni dalili njema. Lakini harufu ya kuungua ikiwepo na mita ikionyesha waya umekatika, mazungumzo ya matengenezo yaishe hapo.

Transfoma ikiwa hai, mengi hutibika. Kapasita hukauka kwa umri na kuleta mngurumo. Ni za bei ndogo. Vifundo vinavyokwaruza huhitaji kusafishwa tu. Balaa ni pakiti za zamani za STK za Sanyo, ambazo hazitengenezwi tena. Za bandia zimejaa sokoni, na huungua siku ya kwanza sauti ikipandishwa. Fundi mkweli husema hilo kabla ya kufungua skrubu.

Tena risiva iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hushika FM ya megahezi 76 hadi 90 tu, ilhali masafa ya hapa hufika 108. Mteja atalipa, kisha atarudi kulalamika kwamba stesheni yake haipatikani.

Hesabu ya mfano ni hii. Mtu ananunua kwa sh. 60,000, vipuri 35,000, ufundi 40,000, nauli ya kwenda Mwanza na kurudi 60,000. Jumla 195,000. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko, halikuondoa nauli. Akiuza 220,000 baada ya miezi mitatu, amepata 25,000 kwa fedha ambayo ingezunguka mara kadhaa kwenye nafaka. Akiagiza vipuri kwa basi kwa sh. 5,000, faida inakuwa 80,000. Tofauti yote hiyo ni ya safari moja.

Anayestahili kutengeneza ni mwenye mnunuzi aliyekwishaweka malipo ya awali. Mwenye risiva ya urithi anayeisikiliza mwenyewe, hesabu hii haimhusu. Aliyenunua bila kupima transfoma naye bado ana njia: uso, vifundo, vyuma vya kupozea na transista nzima vinahitajiwa na mafundi, na shaba huuzwa kwa kilo. Fedha yake ni ndogo, lakini inaweza kuingia wiki hiyohiyo.