Majina Yetu Katika Majedwali ya Tarakilishi

Juma lililopita, baada ya sala ya Ijumaa, alinijia nyumbani binti wa ndugu yangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Mombasa. Anasomea hifadhidata na sayansi ya data, yaani namna ya kupanga habari nyingi ndani ya tarakilishi, kuzitunza na kuzitolea maana. Alipokwisha kuniamkia alinikunjulia karatasi ya zoezi. Mstari wa kwanza uliandikwa Fatma Ali Mohamed, wa Kisauni. Wa pili, Fatuma Ally Muhammad, wa Bakarani. Wote wawili wamezaliwa mwaka 1987.

"Ami," alinambia, "mashine yasema ni watu wawili. Wewe waonaje?"

Nilimjibu kwamba sijui, na kwamba hata hiyo mashine haijui. Fatma na Fatuma ni jina moja katika vinywa viwili. Bakarani iko huko huko Kisauni. Mohamed nalo huandikwa kwa sura nyingi, kila karani na yake, lakini Mahmud ni jina jingine kabisa ijapokuwa herufi zimekaribiana. Mtu wa Pwani hujua mambo haya bila kufundishwa. Mashine haiyajui mpaka iambiwe, na anayeiambia ni yule aliyesomea kazi hiyo.

Elimu yenyewe si ya jana. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, alitoa makala akishauri habari ziwekwe katika majedwali yenye safu na mistari, kila mstari uwe na ufunguo wake usiofanana na wa mwingine, na majedwali yaungane kwa funguo hizo. Mwaka 1974 wenzake wawili wa kampuni hiyo hiyo, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakaeleza lugha ya kuyauliza majedwali hayo, ambayo leo yaitwa SQL. Benki, hospitali na serikali bado zinakula matunda ya fikra hiyo. Mwanafunzi huanzia hapo, ndipo apandishwe kwenye hesabu za kubashiri.

Lakini safu ya jedwali hupewa kichwa na mtu. Fomu zetu nyingi zasema: jina la kwanza, jina la kati, jina la ukoo. Haya, mtu ni Omar, babake ni Said, babu yake ni Khamis. Hilo la tatu si jina la ukoo, ni la babu, na mwanawe Omar hatalichukua. Yeye ataitwa Salim Omar Said. Mashine iliyofunzwa kwamba baba na mwana hushiriki jina la mwisho itahukumu kuwa Omar na Salim si jamaa. Mke naye kwetu haachi jina la babake kwa sababu ya kuolewa, basi itamwona kama mgeni nyumbani kwake. Mimi mwenyewe nilipoteza miezi minne kwa kuwa karani wa afisi moja aliliandika neno "bin" kama jina langu la kati. Barua zikawa zanijia kwa Bwana Bin.

Kabla neno chuo halijawa la mahali pa kutolea shahada, lilikuwa kwetu ni mahali pa kusomea Kurani, na huko ndiko nilikosikia kwa mara ya kwanza juu ya tatizo hili. Wapokezi wa Hadithi walikuwa maelfu, na majina yakifanana. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1071, aliandika kitabu kizima, al-Muttafiq wal-Muftariq, juu ya wapokezi wenye jina moja ambao ni watu mbali mbali. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 1449, katika Taqrib at-Tahdhib alimpa kila mpokezi mahali pake: jina lake, la babake, nisba, tabaka lake, na kadiri anavyoaminika. Walitenganisha watu kwa kuuliza fulani alisoma kwa nani, alikaa mji gani, alifariki lini. Na asiyejulikana walimwandika kuwa ni majhuli, wakamwacha hapo. Hawakumzulia sifa ili mstari ujae. Codd mwenyewe alitaka jedwali liwe na alama ya kitu kisichojulikana, lakini jaribu leo kuacha safu tupu katika fomu ya mtandaoni uone kama itakubali kupokewa.

Msomaji ataniuliza, haya yana uzito gani? Na awaulize Wamakonde wa Kwale, waliokaa miongo na miongo bila vitambulisho vya Kenya hadi mwaka 2016, au Wapemba wa Pwani, ambao serikali iliwatambua mwaka 2023. Sheria ya uraia ilikuwa na lake katika mambo hayo, sikatai. Hata hivyo watu hao walikuwepo siku zote, wakivua, wakilima, wakizikana, na orodha haikuwa na mahali pao. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 walioandikwa Waswahili walikuwa 110,614. Katika ile ya 2019 walikuwa 56,074. Hapakuwa na tauni wala gharika baina ya miaka hiyo. Sisemi kulikuwa na njama. Nasema kwamba jawabu hufuata namna mtu alivyoulizwa, alivyojitaja, na alivyoandikwa. Na orodha hizi hukusanywa kwa haraka kuliko zinavyofikiriwa: Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliamua kwamba kadi za Huduma zilitolewa kinyume cha Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kwa kuwa hatari zake kwa mwananchi hazikupimwa kwanza.

Wako wazee wenzangu wasemao kwamba masomo haya ni ya kidunia tu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandika deni, na yamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu. Tena wasisahau kwamba Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilianza kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, ile MIOME iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, ya Aga Khan, na ya Mabohora, pamoja na serikali ya wakati ule. Waliotoa fedha zao walitaka vijana wa Kiislamu wapate ufundi wa zama zao. Na huu ndio ufundi wa zama hizi.

Nina neno moja na walimu pia. Binti yetu anambia kwamba zoezi lao la kwanza la sayansi ya data lilihusu abiria wa Titanic, meli iliyozama mwaka 1912, na la pili lilihusu maua ambayo vipimo vyake vilichapishwa na Ronald Fisher mwaka 1936. Mazoezi hayo hutumika duniani kote, wala sina ugomvi na maua. Nilimuuliza tu kama amewahi kupewa kazi yoyote juu ya abiria wa kivuko cha Mtongwe, kilichozama Aprili 1994 na kuua watu 272 mbele ya macho yetu. Hakuwa amezaliwa, na chuoni hakuna aliyemtajia.

Tulikaa na karatasi yake hadi adhana ya alasiri. Mwishowe hakuwaunganisha Fatma na Fatuma, wala hakuwahukumu kuwa ni wawili. Aliongeza safu tatu: jina la babu, nani aliyetoa habari hii, na lini. Kwa kuwa zoezi halikusema lolote juu ya hayo, aliziacha tupu zote tatu, akaandika chini kwamba lazima mtu aende Kisauni akaulize. Karatasi ameipeleka Jumatatu. Alama bado hajapewa.